Majina Nyuma ya Mlango

Magomeni, 3 Machi 2025

Rogath,

Nakugombeza kwanza, salamu baadaye, maana nikianza na salamu moyo utalainika na nitasahau nilichokaa kuandika. Umekuwa mtendaji wa kijiji juzi tu, na tayari umejua kumfanya bibi yako mkulima bila kumshikisha jembe. Nani alikutuma?

Haya sasa. Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, ni mguu tu unaogombana na ngazi za kanisani. Genge halijafungwa. Ndizi alizoleta Ansbert safari hii zilikuwa changa, mwambieni anayekata huko asikate kwa haraka ya njaa yake. Shangazi yako Josepha wamempandisha ghorofa kule Posta anakofagia, na tangu apande anaongea na sisi kama yuko dirishani. Bi Shamsa mwenye nyumba wangu anakusalimu na anaulizia kahawa uliyomwahidi.

Jambo lenyewe ni hili. Nilikuwa Kariakoo nachambua ndizi, mbivu huku, mbichi huku, simu ikalia. Miwani nilikuwa nimeisahau, nikampa Nurdin wa duka la pembejeo, jirani yangu, anisomee. Nilidhani ni wale matapeli wa kutumiwa hela kwenye namba nyingine. Nurdin akasoma kimya, akatabasamu, kisha akasoma kwa sauti mpaka wachukuzi wakageuka. Ndugu mkulima Fortunata, umepokea mifuko yako kumi na miwili ya mbolea ya ruzuku kwa ajili ya shamba lako la mahindi.

Nurdin akaniuliza, "Bibi, hayo mahindi unapanda wapi? Juu ya bati la Bi Shamsa?"

Nikamwambia anyamaze anieleze ruzuku ni nini. Akasema serikali inamlipia mkulima sehemu ya bei ya mbolea, ili na mnyonge naye apate kuotesha. Akanitazama mimi, akatazama meza yangu ya ndizi, akarudia: mnyonge. Rogath, mimi katika maisha yangu nimeitwa mengi, hilo sijawahi.

Hapo nikakumbuka. Mwezi uliopita ulinipigia ukaniambia, "Bibi, nisomee namba zilizoingia kwenye simu yako, ni za umeme wa nyumba ya huku." Nikakusomea moja moja kama litania, nawe ukawa unaitikia. Kumbe umeme wenyewe unanuka mbolea.

Nina swali moja tu. Shamba lipi? Mimi huko Kilemboro nimebakiwa na kihamba tu, kile kiwanja cha ukoo, na kwenye kihamba kuna migomba, kahawa iliyozeeka kunishinda, na kaburi la babu yako. Mahindi yako wapi? Nijibu kwa barua, mpe Ansbert wa lori. Usinipigie. Simu yako ina tabia ya kukosa mtandao panapoulizwa swali.

Zamani ningemalizia "wako mke mkubwa", kama tunavyotaniana bibi na mjukuu. Leo sina mume.

Fortunata


Kilemboro, 27 Machi 2025

Kwako Bibi mpendwa,

Shikamoo. Milele na milele, amina. Huku sote wazima. Mvua zimeanza vizuri na yule ng'ombe mweusi amezaa ndama jike, watoto wamempa jina lako kwa sababu anapiga teke kila anayemsogelea. Pole na mguu. Kahawa ya Bi Shamsa ipo, nasubiri ikauke.

Samahani kwa kuchelewa. Nina usajili, nina michango ya madarasa, nina wageni kutoka wilayani karibu kila wiki.

Kuhusu ule ujumbe, usiwe na wasiwasi wowote. Ni utaratibu wa mfumo. Mfumo unamtambua mkulima kwa ardhi ya ukoo, hauangalii analala wapi. Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba mwenye kihamba ni mwenye kihamba hata akiishi ng'ambo. Siyo wewe peke yako, wapo wa kwetu walioko Arusha, Mwanza, hata Ulaya. Desemba wote hurudi. Ni watu wa hapa.

Na wala hakuna kificho. Majina yote yalibandikwa ofisini kwa muda unaotakiwa, kila mwananchi akapewa nafasi ya kupinga. Hakuna aliyepinga.

Ukipanda huku Desemba utakuta kitu kitakachokufurahisha. Sitasema zaidi, ila kichwa chako hakitanyeshewa tena ukilala.

Wako mtiifu,
Rogath


Magomeni, Jumapili ya Matawi, 13 Aprili 2025

Rogath,

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta neno shamba. Ndama nimemwona, wageni wa wilayani nimewaona, shamba sijaliona. Mtoto akiulizwa nani kala nyama akajibu habari za mvua, mama yake hapati shida kujua.

Salamu zako nimepokea. Shangazi yako Josepha ameugua mafua, amepona. Matawi ya mwaka huu pale kanisani yalikuwa machache, tukagombania kama ndizi za bure. Mguu uko vilevile.

Sasa nikuulize. Huyo mfumo ni nani? Ana mama? Kwenu analala wapi? Maana kila jambo la aibu unasema kalifanya yeye. Na usiniletee mafundisho yangu mwenyewe yakiwa yamegeuzwa kichwa chini. Niliposema mwenye kihamba ni mwenye kihamba, nilikuwa nasema habari ya mtu akifa azikwe wapi. Sikusema agawiwe mbolea. Anayerudi Desemba kula nyama na kupiga picha kwenye migomba hawi mkulima kwa sababu ya viatu kuingia tope.

Kuhusu majina kubandikwa, nilimtuma Ansbert. Alipokuja kupakia alipita ofisini kwako akajifanya anaulizia ushuru wa mazao. Anasema karatasi ipo, hukudanganya. Ipo ukutani nyuma ya mlango. Mlango ukifunguliwa unaifunika. Mlango ukifungwa watu wako nje. Nilicheka peke yangu mpaka Bi Shamsa akatoka chumbani kwake kuuliza nimepatwa na nini. Nilipomweleza akasema, "Huyo mjukuu wako amesoma, mwenzangu. Asiyesoma angeificha tu."

Ansbert aliuvuta mlango kidogo akasoma kabla karani wako hajamfukuza. Mimi nimo. Mwalimu wa Mwanza yumo. Yule anayeosha vyombo Ulaya yumo. Marehemu Eliasi yumo, Rogath, tuliyemzika miaka minne iliyopita kwenye tope mpaka jeneza likateleza. Naye kapata mbolea yake. Labda huko aliko wanalima. Lakini Angela, mjane wa Wilbert, anayeamka alfajiri kushuka kulima porini, kule tambarare, huku watoto wakiwa bado kwenye blanketi, hayumo. Kwa nini hayumo?

Pale parokiani kwetu Kilemboro, baada ya misa katekista husimama na karatasi. Anasoma: fulani ametoa mkungu mmoja, fulani mayai matano, fulani ameahidi na hajaleta. Mwaka ule nilipotoa kuku mgonjwa alisoma "kuku mmoja, mgonjwa", na kanisa zima likanigeukia. Sikufa. Tangu siku hiyo nimetoa kuku wazima. Kama kinachotoka mfukoni mwa mtu kinasomwa mbele ya watu wote, kinachoingia kutoka mfuko wa watu wote kinafichwa kwa nini?

Swali langu ni lile lile. Shamba lipi?

Fortunata


Kilemboro, 25 Mei 2025

Kwako Bibi,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri. Nilipata barua yako, kazi zilinibana.

Naomba nikueleze kwa utulivu. Taarifa binafsi za wakulima zinalindwa. Siwezi kusimama mahali nikasoma nani kapata nini kama katekista. Ni siri ya mtu na serikali yake. Nimeelekezwa hivyo na waliotangulia kazini, na mimi ni mgeni, sipendi kuonekana mjuaji. Orodha niliipokea ikiwa nusu imeshajazwa. Jina la marehemu Eliasi sikuliandika mimi.

Suala la Angela linashughulikiwa. Alichelewa kujisajili.

Naomba usimtume tena Ansbert ofisini. Karani amelalamika.

Nilitaka iwe mshangao, lakini heri nikwambie. Nyumba yako ya kihambani nimeiezeka upya. Bati jekundu, zuri, linaonekana mpaka barabarani. Watu wanasema, kweli Fortunata alisomesha. Sijasahau, Bibi. Uliuza shamba la porini ili mimi niende chuo, na tangu hapo natafuta jinsi ya kukurudishia. Nilichofanya nimekifanya kwa ajili yako. Ningefurahi kama ungelitazama jambo hili kwa upande huo pia.

Wako,
Rogath


Magomeni, 15 Juni 2025

Rogath,

Nilikuuliza shamba lipi, ukakaa kimya. Sikukuuliza kuhusu bati, ukasema. Na ndani ya maneno ya bati umenijibu.

Salamu leo ni fupi. Wazima.

Nilipofika kwenye neno "porini" niliikunja barua, nikaiweka chini ya mizani, nikauza ndizi kwanza. Nilimpa mama mmoja mkungu mzima wa ndizi mshare kwa bei ya kichana. Nurdin akaniuliza kama naumwa.

Jioni nikamtafuta Ansbert, nikamwambia, "Safari hii usiende ofisini, karani asije akalia. Nenda kwa Angela umuulize siku aliyokwenda kujisajili aliambiwa nini." Amerudi juzi. Angela alikwenda mapema, kabla hata hujanipigia mimi. Kijana wa usajili akaangalia, akamwambia, "Mama, hilo shamba lina mkulima wake tayari." Angela akauliza ni nani. Akaambiwa ni siri.

Basi siri yenyewe ni mimi.

Lile shamba nililiuza kwa Wilbert akiwa hai, kwa mikono yangu miwili, nikiwa na akili zangu. Wazee walikaa, pombe ya mbege ikanywewa, masale yakapandwa mpakani kuwa alama, na wewe ulikuwepo umeshika miche ya kupandia. Ulikuwa na kaptula iliyochanika. Ile ada uliyolipiwa chuo ilitoka kwenye udongo ule. Wilbert hakuniomba nipunguze hata kidogo, maana alijua ni ya mtoto wa shule. Sasa mjane wake analima, na mbolea ya shamba lake inakuja kwa jina langu, inauzwa kwa wenye malori, Ansbert kawasikia wakijisifu, inakuwa bati juu ya kitanda changu. Ukalipaka na rangi nyekundu ili lionekane mpaka barabarani. Mwizi wa kuku angalau hufukia manyoya.

Nikifa leo, karatasi za serikali zitasema shamba la porini lilikuwa la Fortunata. Na mrithi wa Fortunata ni nani? Sisemi ulikusudia. Nasema Angela naye ana macho. Ansbert anasema mahindi yake yamekuwa ya njano kama mgonjwa wa ini, na yeye anaamini nimerudi kudai shamba kinyemela kupitia kwa mjukuu wangu mwenye muhuri. Kila mwaka alikuwa ananitumia maharage kwenye kikapu changu. Mwaka huu Ansbert kaja na kikapu kitupu. Angela alimwambia, "Mrudishie, ni chake."

Kile kikapu kipo hapa mbele yangu ninapoandika. Miaka hamsini nimekaa mji huu wa wajanja, nimeuza ndizi katikati ya Kariakoo, na hakuna aliyewahi kunirudishia chombo changu kitupu.

Usiniambie tena kwamba ulifanya kwa ajili yangu. Mimi sikuomba bati. Paa la zamani lilivuja nikajua linavujia wapi, nikaweka sufuria.

Fortunata


Kilemboro, 10 Agosti 2025

Bibi,

Shikamoo.

Nimeanza barua hii mara nyingi nikachana. Mahindi ya porini yameshavunwa. Angela amepata magunia machache sana. Nilimwona akipita na mkokoteni, hakunisalimu.

Sina maneno ya kujitetea. Ndani ya bahasha kuna jani la isale, nimelifunga fundo kama wazee walivyofundisha. Unajua maana yake, na unajua mtu akiletewa hawezi kulikataa. Nimekosa. Naomba yaishe kati yako na mimi, tusiendelee kuandikiana kwa uchungu.

Kuhusu kusoma majina hadharani, naomba unielewe. Kwenye karatasi ile wamo watu wakubwa kuliko mimi. Nikiisoma nitakuwa nimesoma barua yangu ya kufukuzwa kazi. Nina watoto wawili shuleni. Msimu ujao nitarekebisha jina la Angela taratibu, bila kelele, na hakuna atakayeumia.

Nisamehe, Bibi.

Mjukuu wako,
Rogath


Magomeni, 24 Agosti 2025

Rogath, mjukuu wangu,

Umekosea mlango. Isale haipelekwi kwa yule utakayepata msamaha kwa urahisi, inapelekwa kwa uliyemkosea. Angela anakaa kwenye kilima hicho hicho, unaweza kutema mate yakafika kwake, wewe ukalituma jani mpaka Dar es Salaam kwa lori la ndizi. Ulilichuma wapi? Usije ukaniambia ni pale mpakani mwa shamba lake.

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Nyumbani kwema. Bi Shamsa aliliona jani nilipofungua bahasha mezani, akauliza kama ni mboga. Nikamweleza kwamba kwetu mtu akikuletea hili, hata kama kaua, unasimama unamsikiliza. Akasema, "Basi Wachaga mna bahati, sisi inabidi tuombane radhi kwa mdomo."

Mimi nimekusamehe. Mila imenifunga na sitaivunja. Lile la kunisomesha namba kama kasuku, limekwisha. Aibu ya Kariakoo, imekwisha. Lakini hayo ndiyo yaliyokuwa yangu, na sina mamlaka ya kusamehe kwa niaba ya mtu aliyekula ugali wa mahindi ya njano. Kwa hiyo jani lako nimelirudisha, limo humu. Limekauka kidogo njiani. Fundo sikulifungua.

Unasema msimu ujao utarekebisha taratibu, bila kelele. Mlilifanya bila kelele, mnataka kulifuta bila kelele, na katikati yake Angela ndiye aliyesikika analia. Nani atajua kwamba sikulidai shamba lake? Jina langu lilichafuliwa kwa siri, halitasafishwa kwa siri. Sabuni ya namna hiyo haiuzwi hata Kariakoo.

Na unaogopa wakubwa. Nimeliwaza hilo, nisikudanganye, nililiwaza mpaka uji ukaungua. Una watoto wawili shuleni. Mimi nilikuwa na mmoja, wewe, baada ya mama yako kufariki, na sikuwa na muhuri wala mshahara, na sikumuuza mjane. Hao wakubwa wakikufukuza, njoo, meza yangu ya pili haina mtu. Kuchambua ndizi kutakufaa: zilizooza zinawekwa mbele kwanza, kila mtu azione, ndipo mnunuzi anaziamini nzima.

Sasa sikiliza, maana sitaandika tena. Barua hii naituma kwa basi la kesho ili initangulie. Ansbert anapakua Jumatano, na akirudi huko atakuwa amenibeba mimi. Nimeshamwambia aweke godoro mbele na aache kuvuta sigara. Nitafikia kwa dada yangu wala siyo chini ya bati lile.

Kabla sijafika, chukua jani hili uende kwa Angela. Uende mwenyewe, kwa miguu, mchana, usiende na karani wala pikipiki ya ofisi. Akikuacha umesimama uani, simama. Mwambie shamba ni lake na mimi nitakuja kukaa mbele ya wazee kulisema hilo pale masale yalipo.

Bati jekundu livue, uliuze, ununue mbolea kwa bei kamili ya dukani, ile ile aliyoshindwa kuimudu Angela, umpelekee kabla ya mvua za vuli. Bati la zamani ulirudishe juu. Sufuria zangu za kukingia maji ziko chini ya kitanda, zitoe vumbi.

Karatasi itoe nyuma ya mlango. Ibandike ukuta wa nje, ule unaotazama njia ya kwenda kisimani, mahali ambapo mwanamke mwenye ndoo kichwani anaweza kusoma bila kuinama.

Kisha itisha mkutano wa kijiji Jumapili nitakayokuwepo, watu wakitoka misani. Usome majina yote, wakubwa na wadogo, walioko Ulaya na waliolala kaburini, na kila mmoja useme anakaa wapi na analima nini. Anza na langu. Sema: Fortunata, anakaa Magomeni, hana mahindi. Nitakuwa nimekaa mbele na kikapu changu kitupu, wanione vizuri. Ukishindwa, nitasimama nisome mimi, nami nasoma polepole mno, kwa hiyo watapata muda mrefu wa kukutazama.

Ukiisoma mpaka mwisho, nitakuita tena mume wangu.

Jizoeze sauti.

Bibi yako,
Fortunata